Namna ya Kutengeneza Ramani ya Ngara na Biharamulo Isiyomfaa Mtu wa Ngara wala wa Biharamulo

Sharti la kwanza: usifike. Ramani ya kubofya ya Ngara na Biharamulo hutengenezwa vizuri zaidi Masaki, Dar es Salaam, kwenye chumba chenye kiyoyozi, na mtu anayejua kwamba Kagera ni "kule juu, kushoto kwa ziwa". Ukikosea ukapanda basi hadi Benako, utakuta malori ya Kigali yameegeshwa, dereva anauliza laini ipi inashika ng'ambo, mama mwenye mtoto mgongoni anauliza zahanati ipi imefungua leo, na ghafla utaanza kudhani kwamba ramani ni chombo cha kumsaidia mtu kupata anachokitafuta. Wazo hilo likishaingia kichwani halitoki. Mradi wako umekufa hapo hapo stendi.

Sharti la pili linahusu fedha, na naomba tulizungumze kwa sauti ya chini, mfadhili asisikie. Vifaa vyote ni bure. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ilianzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza njia inayopita nyuma ya nyumba yake. Leaflet, programu ndogo ya kuiweka ramani hiyo kwenye tovuti, ilitolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin, raia wa Ukraine. Uzito wake ni kilobaiti 42 hivi, pungufu ya picha moja ya harusi inayorushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Na asiyejua kuandika msimbo hata mstari mmoja ana uMap: anabofya mahali, anaandika jina, anachagua rangi ya pini, ananakili kipande cha maandishi na kukibandika kwenye tovuti yake.

Hatari umeiona? Kazi inayokwisha kabla ya chai ya saa nne haina mshauri mwelekezi, haina semina ya wadau, haina hata chupa ya maji yenye nembo. Kwa hiyo neno "ramani" lisionekane popote kwenye andiko lako. Andika "jukwaa jumuishi la kidijitali la taarifa za kijiografia kwa maendeleo endelevu", ongeza bajeti ya gari, na Leaflet yako ya bure iweke kwenye kipengele cha "teknolojia ya kisasa".

Sasa tufungue ramani yenyewe. Ifunguke ikionyesha dunia nzima. Ramani za kwenye tovuti huungwa kwa vigae vya picha, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256 kila kimoja. Kwenye kiwango cha sifuri dunia yote inaenea katika kigae kimoja. Ukisogea karibu kwa hatua moja, kila kigae kinagawanyika kuwa vinne, na ukifika kiwango cha 18, unapoanza kuona paa la nyumba, dunia ina vigae zaidi ya bilioni 68. Mtengenezaji asiye na malengo makubwa huandika mstari mmoja tu: anzia latitudo -2.5, longitudo 30.65, kiwango cha 10. Ramani inafunguka Ngara imekaa katikati, milima yake yote mahali pake. Usimwige. Mwache mtu wa Rulenge aliyenunua bando la shilingi mia tano ateremke mwenyewe kutoka angani. Atapita Greenland, ambayo kwa mchoro wa Mercator, unaotumiwa na ramani hizi za tovuti, inaonekana kulingana na Afrika, ingawa Afrika inaizidi mara 14 kwa eneo. Atashuka Sahara, atagusa Ziwa Viktoria, na pale vigae vya Kagera vinapoanza kujitokeza kimoja kimoja, simu itamletea ujumbe mfupi kwamba bando lake limekwisha, na kumshukuru kwa kutumia mtandao huo.

Kama ana bando kubwa, usife moyo. Itandaze ramani ijaze kioo chote cha simu, ili kidole kinachotaka kuteremsha ukurasa kiiburute ramani. Atajikuta Lubumbashi bila pasipoti.

Tuje kwenye majiranukta, maana huko ndiko fundi anapotofautiana na mwanafunzi. Wilaya zote mbili ziko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo zake zina alama ya kutoa mbele. Idondoshe. Ni kistari tu, nani atakiona? Ngara mjini, ambayo iko takriban nyuzi 2.5 kusini na 30.65 mashariki, itahamia Ituri, mashariki ya Kongo. Biharamulo, kwenye 2.63 na 31.31, itaibukia Uganda, West Nile, mahali fulani kati ya Nebbi na Pakwach. Ni uhamisho wa wilaya mbili kwa siku moja, bila barua na bila posho ya mizigo.

Njia ya pili ina heshima zaidi, kwa sababu hata wataalamu wa kweli huanguka nayo. Leaflet hutaka utaje latitudo kwanza, longitudo baadaye. Faili za GeoJSON, ambazo karibu kila mtu huhifadhia data yake ya ramani, hutaka longitudo itangulie. Waliotunga taratibu hizi mbili ni dhahiri hawakukaa kikao kimoja. Wewe zichanganye tu. Ngara itatua jangwani Algeria, si mbali na Béni Abbès, na Biharamulo itapata kiwanja jirani na Béchar; ujirani mwema wa wilaya hizi utakuwa umedumishwa. Ukipenda kuchanganya makosa yote mawili, yaani kugeuza namba na kudondosha alama ya kutoa, Ngara haitoki Algeria. Inasogea tu mashariki hadi karibu na El Menia. Sijui Algeria imewapendea nini Wahangaza, wenyeji wa Ngara.

Zile shule ambazo jedwali lako halina namba zake, usizifute. Ziache na sufuri mbili. Zote zitakusanyika Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, pale Ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich. Hapo paliwekwa boya la kupimia hali ya hewa, na wachora ramani wa dunia nzima wamepafanyia utani wa kupaita kisiwa. Kwenye ripoti eleza kwamba "baadhi ya shule zina changamoto ya kufikika".

Wapo watakaoona mbinu hizo ni za kitoto. Kwao nina hii: chukua majiranukta kutoka kwenye zile ramani za karatasi za serikali za kipimo cha 1:50,000, ambazo zimejengwa juu ya vipimo vya Arc 1960, uyapeleke moja kwa moja kwenye tovuti inayotumia WGS 84 kama GPS ya simu. Tofauti yake huku kwetu ni karibu mita 300. Huo ni umbali mzuri sana. Hautoshi kumshtua bosi, lakini unatosha kuitoa zahanati barabarani na kuiweka ng'ambo ya bonde, na katika nchi ya milima kama Ngara, mita 300 za kwenye kioo zinaweza kuwa saa nzima ya kushuka na kupanda. Kisha, ili kosa lionekane la kisayansi, andika kila namba kwa tarakimu kumi na nne baada ya nukta. Tarakimu sita tu zinatosha kuonyesha mahali kwa usahihi wa sentimita 11. Zako zitadai kuijua zahanati hadi ndani ya chembe ya vumbi, wakati dereva alibonyeza GPS akiwa bado ndani ya gari, barabara kuu, dirisha limefungwa kwa sababu ya hilo hilo vumbi.

Kuhusu majina, iachie kazi mashine ya kutafuta. Andika "Ngara" na uchukue jibu la kwanza. Kuna uwezekano mzuri likakupeleka Nairobi, kwenye mtaa wa Ngara, karibu na katikati ya jiji, na mgeni wako atashangaa kuona wakulima wa kahawa wamezungukwa na matatu. Andika "Kasulo", kata iliyo na Benako ndani yake. Mashine, kwa moyo wake wa kusaidia, itadhani umekosea herufi na kukupeleka Kasulu, Kigoma. Andika "Kabanga". Ngara kuna Kabanga ya mpakani na Burundi, yenye madini ya nikeli yanayotajwa kila bajeti. Kasulu nako kuna Kabanga, yenye hospitali. Mgonjwa akifuata pini na kufika kwenye nikeli, si kosa lako, ramani ilisema Kabanga na Kabanga amefika. Rusumo ipo upande wetu na upande wa Rwanda. Lusahunga wengine huandika Rusahunga. Weka zote mbili, kilometa chache kati yake, wilaya ipate mji mpya bila gharama.

Usiulize wenyeji wanapaitaje mahali. Benako lenyewe ni onyo. Jina hilo halikuwekwa na mtemi wala halikupitishwa na kikao cha baraza la madiwani. Lilibaki kutoka kwa kampuni ya Italia iliyojenga barabara, Benaco, ambayo kambi ya vifaa vyake ilikuwa pale. Wajenzi waliondoka, jina likakaa. Ukianza kukubali majina ya namna hiyo utajikuta unaandika "pale kona ya mchina" na "kwenye mnara", na kondakta wa Hiace ataielewa ramani yako.

Mipaka nayo ina raha yake. Tafuta faili la zamani, la zamani kweli, ambamo Chato bado ni sehemu ya Biharamulo. Chato ilimegwa ikawa wilaya, kisha mwaka 2012 ikaingia Mkoa mpya wa Geita, lakini faili halina habari. Ukitumia faili hilo, Biharamulo itarudishiwa ufukwe wake mrefu wa ziwa. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaonyeshe kama yalivyokuwa, kila moja na rangi yake, kana kwamba mwaka 2019 hayakuunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mtalii akija na bunduki ya uwindaji, mwambie asome vizuri tarehe ya ramani, kisha usiandike tarehe.

Upande wa magharibi, kata kwa mkasi. Rwanda na Burundi zipake kijivu, pasiwe na mto, barabara wala jina. Huu ndio utaratibu wa ramani zetu nyingi za wilaya, na kwa Ngara matokeo yake ni ya kupendeza kuliko mahali pengine popote nchini. Karibu na maporomoko ya Rusumo, Ruvubu inaingia Kagera, na nchi tatu zinakutana majini. Mtambo wa umeme uliojengwa pale, megawati 80, unagawanywa kwa nchi zote tatu. Kwenye ramani yako utabaki na nusu ya maporomoko, kipande cha daraja kinachoishia hewani, na kituo cha pamoja cha forodha, ambacho Magufuli na Kagame walikizindua Aprili 2016, kikiwa cha pamoja na ukungu.

Mtu wa Kabanga anajua bei ya vitunguu ya Kobero, ng'ambo ya mpaka wa Burundi, kabla hajajua ya Ngara mjini. Ukoo wake uko pande zote mbili, kwa sababu Bugufi, sehemu ya Ngara ya leo, ilikuwa chini ya mwami wa Burundi kabla Waingereza na Wabelgiji hawajagawana nchi hizi mezani. Saa ya simu yake hurudi nyuma saa moja kila minara ya ng'ambo inapomdaka. Dereva wa lori akivuka daraja la Rusumo anaacha mkono wa kushoto na kuanza kuendesha mkono wa kulia. Hayo yote yangeweza kukaa kwenye ramani: tabaka la minara, alama ndogo ya saa, mshale wa kubadili upande. Yangemzuia mtu kukosa basi, au kukatwa salio lote kwa simu ya dakika mbili. Ndiyo maana tumepaka kijivu.

Hapa nitaomba kejeli ipumzike kidogo, kwa sababu kuna tabaka moja ambalo sina utani nalo. Aprili 28, 1994, na usiku wake, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Wiki hiyo hiyo Benako, ambayo ilikuwa eneo la wajenzi wa barabara, ikawa na watu wengi kuliko karibu kila mji wa Tanzania. Waandishi wa habari wa wakati ule waliiita mji wa pili wa nchi. Zikafuata kambi nyingine za wakimbizi: Lumasi, Musuhura, Kitali, Lukole, Keza. Misitu iliyozizunguka iliishia kuni. Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurudi, barabara ya Rusumo ikajaa upande wa pili, na "mji wa pili" ukafutika kabla mchapaji yeyote wa ramani hajapata nafasi ya kuutia doa. Ramani za karatasi hazikuweza kufanya lolote. Ramani ya kubofya inaweza: unaweka kitelezi cha miaka, kidole kinasogea kutoka 1993 hadi 1997, na mwanafunzi wa sekondari wa Kasulo anaona ardhi ya kijiji chao ikijaa na kumwagika. Si kazi ngumu. Data za picha za satelaiti za miaka ile zipo, na wazee walioona wapo.

Kwamba inawezekana kuchora haraka jambo linapoungua, Kenya ilionyesha. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walisimamisha Ushahidi kwa siku chache tu: raia anatuma ujumbe wa simu, tukio linatokea kwenye ramani. Dar es Salaam nayo, kuanzia 2015, Ramani Huria iliwatoa wanafunzi wa vyuo wakatembea na wakazi wa mabondeni, mtaro kwa mtaro, kuandika mafuriko yanafika wapi. Wote hao walianza kwa kuuliza mtu fulani anataka kujua nini. Naiandika mifano hii ili uiepuke. Kejeli imeamka.

Mtu akibofya pini, dirisha dogo litafunguka. Ndani yake weka dira na dhamira ya taasisi, picha ya mgeni rasmi akikata utepe, na kiungo cha PDF ya megabaiti 18. Siku ya gulio usiitaje. Usiseme barabara ipi haipitiki masika, wala bodaboda kutoka Nyakahura ni shilingi ngapi usiku, wala duka la dawa lililo karibu na stendi ya Biharamulo hufungwa saa ngapi. Boma la Wajerumani la Biharamulo liwekee pini mbili, moja ya utalii, moja ya urithi. Lugha iwe Kiingereza, na kitufe cha Kiswahili kiwepo, kikibofywa kifungue ukurasa unaosema tafsiri inaandaliwa.

Alama za rangi ziwe kumi na moja, sita kati yake za kijani. Pini zote ziwe na umbo moja, shule na machinjio zisitofautiane. Kitufe cha "toa maoni" kielekeze kwenye barua pepe ya mtu aliyeacha kazi.

Halafu uzinduzi. Mtandao wa ukumbini utakata. Hilo limezoeleka, onyesha picha ya ramani iliyopigwa mapema na upitishe mshale wa kompyuta juu yake kwa kujiamini. Kama ulichagua ramani za Google, kumbuka kwamba tangu 2018 zinadai akaunti yenye kadi ya malipo. Tumia kadi ya mradi. Mradi ukifungwa, kadi nayo itafungwa, na ramani itajifunika weusi wenye maandishi yaliyorudiwarudiwa ya kuitambulisha kuwa ya majaribio tu. Kwa bahati nzuri ripoti ya mwisho itakuwa imeshatumwa.

Katika ripoti hiyo, soma takwimu za waliotembelea tovuti kwa jicho la matumaini. Wageni wa Dar es Salaam watakuwa wewe na wenzako. Wa Geneva atakuwa mfadhili, alifungua mara moja akaifunga; mwandike kama "mwitikio wa kimataifa". Wa Algeria watakushangaza, hadi utakapokumbuka ulikoziweka pini. Kutoka Ngara hatakuwepo mtu, na hilo liite "pengo la uelewa wa jamii", ambalo dawa yake inajulikana: semina, siku tatu, Mwanza.

Biharamulo, kama umefuata mwongozo huu vizuri, hujafika hata katikati yake. Usihangaike. Iweke kwenye Awamu ya Pili, na bajeti ya gari uiandike upya.